Mjadala: Likizo ya mwezi wa sita, twende Ulaya au tuvuke mpaka wa Mutukula kwenda Uganda?

Mdau wa Isamilo (ameanzisha mada)

Wakuu, kila shule zikikaribia kufungwa mwezi wa sita maneno mjini ni yaleyale: mwenye nafasi kidogo aipeleke familia nje ya nchi. Nje wapi? Kuna wanaosema nje ni Roma, Venice, Barcelona, au angalau Istanbul. Kwao Kampala na Kigali ni kwenda dukani tu. Wengine wanajibu kwamba kule kuanzia Juni hadi Agosti ni foleni, chakula cha kubahatisha kwa bei ya kukata maini, na wenyeji wameshawachoka wageni. Julai 2024 waandamanaji wa Barcelona waliwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea, watu wamekaa mezani wanakula.

Naomba tuweke sifa pembeni. Tupime vitu viwili, chakula na msongamano, kwa familia ya watu wanne kutoka hapa Mwanza, wawili wakiwa watoto wa shule ya msingi. Msimamo wangu, na nauleta upigwe mawe: nchi jirani zinaishinda Ulaya kwa vyote viwili. Nawasilisha.

Mama wa Nyegezi

Nakupinga nusu. Gharama nakubali. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, tangu Juni 2024 ni yuro 90 mtu mzima na yuro 45 mtoto wa miaka 6 hadi 11. Familia yako ni yuro 270 kabla ya ada ya kituo cha kupokea maombi, bima ya safari inayofika yuro 30,000, na nauli ya kwenda Dar kutoa alama za vidole. Ukinyimwa, pesa hairudi.

Ila kusema chakula cha Italia ni kibaya ni uvivu. Kinachowaangusha watu wetu ni saa. Asubuhi kule ni kahawa na mkate mtamu. Mtoto aliyezoea uji, chapati na supu, saa nne ana njaa. Majiko ya mchana yanafunguliwa kama saa sita na nusu, yanafungwa saa nane na nusu, na ya jioni hayawashwi kabla ya saa moja na nusu usiku. Familia imepanga foleni ya makumbusho hadi saa tisa. Inatoka, watoto wanalia, na sehemu pekee iliyo wazi ni ile ya mbele ya mnara yenye menyu ya picha katika lugha tano. Hapo utaletewa tambi zilizochemshwa asubuhi zikapashwa. Ndiyo hiyo wanayorudi wakiisema.

Kwenye bili utakuta mstari wa "coperto", yuro 1 hadi 3 kwa kila kichwa, ni ada ya meza na mkate. Si wizi, imeandikwa kwenye menyu kwa herufi ndogo chini. Kahawa nayo ukinywa umesimama kaunta ni bei moja, ukikaa ni nyingine kabisa.

Dawa yake: panga nyumba yenye jiko, asubuhi watoto wale mayai, mtindi na matunda ya sokoni, uwe mlangoni pa makumbusho saa mbili, na saa sita na nusu mko mezani, mitaa mitatu au minne mbali na kivutio.

Kijana wa Igoma

Dada, kwa hiyo mtu analipa mamilioni akachemshe mayai?

Mama wa Nyegezi

Ya asubuhi tu, mdogo wangu. Mchana unakula kama watu.

Mdau wa Isamilo

Umenisaidia hoja. Na Venice? Tangu Aprili 2024, mgeni wa kuja na kuondoka siku hiyohiyo analipia kuingia mjini katika siku zilizotajwa, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Walianza na yuro 5. Mwaka 2025 anayechelewa kulipa alitozwa 10. Watoto chini ya miaka 14 hawalipi. Mji ukifikia kuweka ada mlangoni ili watu wapungue, maana yake umejaa.

Mama wa Nyegezi

Anayelala ndani ya Venice halipi hiyo ada, anajisajili tu, maana hotelini tayari anatozwa kodi ya wageni. Tena wanaokuja kwa siku moja wakishaondoka jioni, vichochoro vinapitika. Tatizo la mji ule ni mchana.

Mzee wa Kirumba

Vijana, nimesoma mpaka hapa nikangoja mtu ataje samaki. Hamna. Mtu wa ziwani anachaguaje pa kwenda bila kuuliza samaki?

Istanbul mnaisifia, nami naikubali kwa nyama, mkate na mtindi, na Mwislamu hana haja ya kuuliza kichinjio. Lakini Uturuki hufunga uvuvi wa nyavu kubwa za kuzungushia na za kukokota kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Agosti, samaki wazaliane, kama sisi tulivyofunga Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Wavuvi wadogo wanaendelea, ila hawawezi kulisha mji ule. Kwa hiyo samaki wengi utakaowakuta mezani Juni na Julai ni wa vizimba, au wametoka kwenye jokofu. Ule mkate maarufu wa samaki pale Eminönü, unaopigwa picha na kila mtu, mara nyingi ndani yake ni kibua kilichogandishwa kutoka Norwe. Kibua kama kile kiko kwenye majokofu hapahapa mjini.

Anayefuata samaki Istanbul asubiri Septemba.

Dada wa Buzuruga

Shikamoo mzee. Hoja ya samaki umeshinda, lakini Istanbul haiendewi samaki mwezi wa sita. Inaendewa kifungua kinywa: jibini, zeituni, mayai, nyanya, asali na mikate, meza nzima, na mtoto wetu anashiba mpaka saa nane. Ndiyo tofauti yake na Italia, na ndiyo maana kwa familia naiweka juu.

Msongamano uko upande wa mji mkongwe. Hagia Sophia, ule msikiti mkongwe, mgeni analipa yuro 25 tangu Januari 2024, anaishia roshani ya juu, na Ijumaa mchana wakati wa swala hapaingiliki. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne, Soko Kuu hufungwa Jumapili. Wasiojua hayo wanajikuta Jumatatu na Jumatano wamebanana na waliofukuzwa na siku ya kufungwa. Maliza Topkapı asubuhi na mapema Alhamisi, halafu panda feri ya Eminönü kwenda Kadıköy, ng'ambo ya pili, kama dakika 20, ukale kule wanakokula wenyeji. Nauli ni kugonga kadi ileile ya mabasi. Foleni ya feri yao isiwatishe waliozoea kivuko cha Kamanga hapa Mwanza.

Dereva wa Ilemela

Naona Ulaya na Uturuki mmezichambua, Uganda mnaitaja tu kwa jina. Tuweke vizuri.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, kile kivuko kilichokuwa kinakula saa nzima au zaidi hakipo tena. Kilomita 3 unazipita kwa dakika chache. Ukiondoka alfajiri unalala Bukoba. Kesho yake Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80, na hadi Kampala jumla kama 300. Usiunganishe siku moja ukiwa na watoto.

Mutukula ni kituo cha pamoja: unavuka kwanza, kisha taratibu za nchi zote mbili zinafanyika upande unaoingia. Watu wanakosea hapa. Wanakwenda dirisha la Uganda moja kwa moja bila kugongewa mhuri wa kutoka Tanzania, na wakati wa kurudi inakuwa maswali. Kitambulisho cha NIDA hakikuvushi, kila mtoto awe na hati yake ya safari. Viza hakuna. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla. Ukishaipata, kadi ni ya maisha. Gari: kadi halisi ya gari, bima ya COMESA (ya gari linalovuka mpaka) iliyokatwa kabla ya safari, na kama gari si la jina lako, barua ya mwenye gari.

Msongamano wa Uganda una tarehe. Juni 3 ni Siku ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo, na mahujaji wa Tanzania wanakwenda kwa mabasi. Mutukula na vyumba vya Kampala hujaa siku za kuikaribia na mbili tatu baada yake. Mtu asiyekwenda hija avuke kuanzia Juni 8 hivi.

Kijana wa Igoma

Na Kampala yenyewe je? Ile foleni ya magari si msongamano?

Dereva wa Ilemela

Ni msongamano, sikatai. Lala Entebbe au Jinja, Kampala iwe ya kupita Jumapili asubuhi. Jinja nenda Jumatatu hadi Alhamisi, maana mwisho wa wiki Kampala yote inahamia kule. Boti ya kwenda chanzo cha Nile patana bei ya boti nzima kabla ya kupanda, na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Usiahidi watoto maporomoko ya Bujagali. Yalimezwa na bwawa la umeme zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Binti wa Kagera

Chakula cha Uganda niachieni mimi. Watu wanarudi wakisema "ni ndizi tu" kwa sababu wamekula usiku, hotelini.

Chakula cha kutafuta ni luwombo, nacho ni cha mchana. Jani changa la mgomba linababuliwa juu ya moto mpaka lilegee na kung'aa, mshipa wa katikati unaparwa kwa kisu ubaki mwembamba. Ndani wanaweka kuku, nyama au samaki mkavu na mchuzi wa karanga zilizosagwa, wanakusanya kingo juu kama kifuko, wanafunga kwa kamba ya mgomba. Vifuko vinapangwa kwenye chungu kikubwa juu ya ndizi zilizofunikwa majani, vinaiva kwa mvuke saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Jani lisipobabuliwa vizuri linapasuka kwenye mkunjo na mchuzi unavujia kwenye ndizi. Maji ya chini yakikauka, harufu ya kuungua inapanda mpaka kwenye nyama na haitoki.

Sasa jiulize mwenyewe: kitu cha saa tatu, kinaletwaje mezani saa mbili usiku dakika tano baada ya kuagiza? Kimepashwa. Kale saa saba mchana, na kifuko kifunguliwe mbele yako. Kikiwa kimeshamiminwa kwenye bakuli, hujui kilipikiwa wapi.

Watoto wakichoka, kuna roleksi: mayai ya kukaanga na kabichi na nyanya yamekunjwa ndani ya chapati, inatengenezwa unaona. Mwambie ageuze yai mara ya pili kabla ya kukunja, katikati hubaki bichi akiwa na wateja wengi.

Mzee wa Kirumba

Binti umenena. Huo ndio mchango.

Dada wa Buzuruga

Kigali hamjaigusa. Safi, tulivu, ila chakula kinahitaji subira: mishikaki na samaki mzima unangoja dakika 40 hadi saa, kwa hiyo agiza kabla njaa haijaanza. Mchana tafuta bafe wanayoiita mélange: sahani moja, unapakua mara moja, unarundika utakavyo, ila nyama ni ya kuhesabu. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wako kwenye kazi za jamii na mji unasimama, usipange kusafiri muda huo. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani.

Dereva wa Ilemela

Na kutoka Rusumo, mpakani mwa Rwanda, unaendesha upande wa kulia. Mpakani kila mtu anakumbuka. Kosa hutokea ukitoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu: mkono unarudi kushoto wenyewe. Abiria wa mbele awe na kazi ya kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani. Kamera za mwendo nazo ni nyingi.

Kijana wa Igoma

Kisumu? Masai Mara?

Mdau wa Isamilo

Mara ukienda Julai kutazama nyumbu wakivuka, utatazama pia migongo ya magari. Nyumbu ni walewale, na Kogatende iko Serengeti yetu. Kisumu sitatumia hela kwenda kula sato wa ziwa hilihili.

Mama wa Nyegezi

Sato yuleyule, mpishi mwingine. Lakini nirudi kwenye mada, maana mnapima nchi wakati kinachojaza mahali ni kalenda ya shule ya wenyeji. Juni watoto wa Kenya na Uganda wako darasani. Kenya hufunga Agosti. Rwanda likizo ndefu huanza Julai. Kwa hiyo mwezi wetu wa sita kando ya ziwa ni mtupu kweli, hapo Mdau una haki, ukiondoa wiki ya Namugongo. Italia watoto hufunga Juni, ila Waitaliano wenyewe husafiri zaidi Agosti, na karibu na tarehe 15 migahawa mingi ya kifamilia hufunga. Wiki ya kwanza ya Juni Roma inavumilika. Katikati ya Agosti nisingemshauri mtu.

Mdau wa Isamilo

Basi tofauti yetu ni wiki ya kusafiri na zile yuro 270 za viza.

Mama wa Nyegezi

Na nauli. Atakayeng'ang'ania Italia, sheria inaruhusu kuomba viza kuanzia miezi sita kabla ya safari. Safari ya Juni, fomu ziingie Januari au Februari. Mwezi wa nne nafasi za miadi huwa zimeshabanana, na hapo ndipo watu wanaishia kusafiri Agosti.