Namjua mtu kwa mwendo kabla ya sura

Hatua Ndefu:
Wadau, sura zinanipita. Mtu akinyoa ndevu au akibadili miwani, kwangu ni mgeni kabisa. Lakini niwekeni nyuma ya watu wanaoondoka, nitawataja mmoja mmoja kwa majina. Kaka yangu hutanguliza kichwa, na mkono wake wa kushoto haupungi hata kidogo. Shangazi huburuta kisigino cha kulia. Namjua kabla hajapiga hodi. Kuna mwenzangu humu? Na ni kitu gani hasa kwenye mwendo kinachomtaja mtu?

Babu Kobe:
Si wewe tu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, aliweka alama za kung'aa kwenye viungo vya watu: mabega, viwiko, nyonga, magoti. Akawapiga filamu gizani, mwili wenyewe usionekane. Wakitulia, unaona vinukta tu visivyo na maana. Wakianza kutembea, papo hapo unaona binadamu. Mwaka 1977 Cutting na Kozlowski wa Marekani wakawaonyesha marafiki vinukta vya wenzao sita. Walipatia asilimia 38, wakati anayebahatisha angepata kama 17. Ni nyingi, ila bado walikosea zaidi ya nusu.

Mbishi:
Basi hapo umejibu mwenyewe. Badilisha viatu, beba mzigo, uumwe kiuno, mwendo si ule tena. Hata programu za kamera zinazotambua watu kwa mwendo husumbuliwa na koti refu au kamera ikiwa upande mwingine.

Hatua Ndefu:
Mbishi, viatu vinabadili hatua, bega vinalibadilije? Mimi miguu siitazami sana. Natazama mikono inavyopunga, kichwa kinavyokaa, na mtu anavyogeuka akiitwa: wapo wanaogeuza shingo tu, wapo wanaogeuka mwili mzima. Halafu wale wa vinukta hawakuwa na urefu, nguo wala sauti ya kisigino. Mimi navipata vyote kwa pamoja.

Babu Kobe:
Na wenye prosopagnosia, yaani wasioweza kutambua nyuso, wengi hutegemea hivyo hivyo: mwendo, sauti, nywele. Huenda na wewe umo, kapime. Watu wakisimama tu unafanyaje?

Hatua Ndefu:
Hapo ndipo panaponishinda. Kwenye foleni nasalimia wote sawasawa, nikisubiri mmoja asogee.