Mheshimiwa, ziwa umelisahau au hujawahi kulijua?

Wakuu, niko Kigoma, mwisho wa reli, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika. Jimbo silitaji, wapambe wa mbunge wetu wamo humu.

Jana nimemwaga magunia mawili ya dagaa. Tunaanika mchangani; mvua ikapiga saa tisa alasiri, asubuhi wananuka. Mteja wa Dar kaonja mmoja, katema, kaondoka. Tangu kampeni tunaomba chanja za waya za kuanikia dagaa na kipande cha barabara ya kushukia mwaloni, mitumbwi inakotua. Tukaletewa jezi! Na siku ya kugawa jezi gari lake likanasa palepale tunapopalalamikia, akina mama wakatua mabeseni wakasukuma, matope mpaka kwenye vitenge. Mheshimiwa kashusha kioo: "Changamoto hii nimeipokea." Kaipokea kwa tairi.

Mimi nimekulia Mwandiga. Agosti 2007 tuliizunguka redio ya babu, betri zimekazwa kwa mpira wa baiskeli, tukasikia Zitto Kabwe, kijana wetu wa miaka 30, anasimamishwa Bunge kwa hoja ya Buzwagi. Alitaka kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi uliosainiwa London. Buzwagi yenyewe iko Kahama huko, hakuna mgebuka aliyeongezeka ziwani kwa hoja ile. Lakini mwaka haukuisha, Rais Kikwete akaunda kamati ya kupitia mambo ya madini na Zitto akawekwa humo. 2014, akiwa mwenyekiti wa PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, akasimama na ripoti ya fedha zilizochotwa akaunti ya Tegeta Escrow. Simpambi, ana yake, na kuhama vyama tumemwona. Ila ulikuwa unajua mbunge wako anagombania nini.

Huyu wetu je? Nimesoma mchango wake wa bajeti kwenye Hansadi, kumbukumbu za Bunge: pongezi, pongezi, "naunga mkono hoja". 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Sipingi. Lakini mkopo wa nyavu haufungwi, marejesho yanadaiwa kila wiki, na dagaa wenyewe hata ziwa likiwa wazi mbalamwezi ikiwaka huwapati. Swali la marejesho ziwa likifungwa liko wazi linamsubiri, hata kulinyanyukia hataki.

Halafu asiseme hana fungu. Sheria ya mfuko wa jimbo ya 2009 inamfanya mbunge mwenyekiti wa kamati yake.

Mwenye kujua bei ya roli moja ya waya wa chanja aiweke hapa. Nataka kujua zile jezi zilikuwa chanja ngapi.