Kiraka cha msimbo cha mistari 11 kimeonekana kama nimeandika upya faili nzima. Nakisafishaje?

BintiMbagala

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nahudumia mfumo wa mauzo wa duka la dawa huku Temeke, duka linalokesha. Mfumo ni programu huria iliyoandikwa kwa Python, tukaishusha na kuifunga kwenye mashine ya dukani. Haina shida, ila kila asubuhi bosi alikuwa ananiwashia moto: ripoti ya jana hailingani na meseji za lipa namba. Ikafika mahali wahudumu wa zamu ya usiku wanaangaliwa kwa jicho la wizi, na mmoja wao alishaanza kuulizwa maswali ya kipolisi. Nikakaa na daftari la risiti, nikaona kinachopishana ni mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku tu. Yote yanaangukia siku iliyotangulia.

Kufungua msimbo, nakuta siku ya mauzo inapatikana kwa `datetime.utcnow().date()`. Yaani programu inahesabu siku kwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo kwake siku mpya inaanza saa tisa usiku yetu. Nikarekebisha: duka linaandika eneo lake kwenye mipangilio, siku inahesabiwa kwa saa za eneo hilo. Mistari 11. Sasa ripoti na meseji vinalingana hadi shilingi, na yule dada wa zamu ameombwa radhi (kimyakimya, lakini ameombwa).

Nikasema nisiwe mchoyo, nikawapelekea wenye mradi ombi la kupokea kiraka (pull request) kupitia Git, ule mfumo wa kutunza historia ya msimbo. Hapo ndipo balaa. Kihariri changu kinapanga upya faili nzima kila ninapohifadhi: nukuu moja zinakuwa mbili, nafasi zinasogea, mikato inaongezwa. Kwa hiyo wao wanaona mistari zaidi ya elfu moja imeguswa. Msimamizi mmoja akajibu sentensi mbili: tenganisha mpangilio na marekebisho, na uongeze jaribio (msimbo mdogo wa kuhakiki kwamba marekebisho yanafanya kazi). Halafu kimya. Kuna na roboti inalalamika kwamba komiti yangu (badiliko nililolihifadhi kwenye Git) haina mstari wa `Signed-off-by`. Juu ya hayo wao wameshasonga mbele, ukurasa unaonyesha mgongano kati ya mabadiliko yao na yangu.

Kazi yote niliifanya kwenye `main` (tawi kuu, yaani mfululizo mkuu wa komiti) ya nakala yangu ya mradi. Nifunge ombi nianze upya? Na bosi ameuliza kwa nini kazi aliyoilipia tuwape watu bure. Sina jibu la kumpa.

MzeeWaMakorokoro

Mzungu anakuringia huyo. Msimbo unafanya kazi, anataka nini tena? Funga ombi, baki na nakala yako, maisha yaendelee.

Fundi_Kijitonyama

Mzee wa makorokoro, ringo liko wapi hapo? Umempelekea mtu gunia la mchele umwambie ndani kuna punje 11 za maana, azitafute mwenyewe, tena usiku baada ya kazi yake ya mchana. Hao wengi wanajitolea. Sentensi mbili alizojibu ni heshima.

Dada, usifunge ombi. Maoni yote yako pale, ukifungua jipya anayefuata kusoma anaanza upya. Ombi limeunganishwa na tawi, siyo na komiti. Ukibadilisha kilichomo ndani ya tawi, ombi linajibadilisha lenyewe.

Kwanza zima ile tabia ya kihariri ya kupanga faili ukihifadhi, angalau kwa mradi huu. Kisha weka akiba, uvute hali ya sasa ya mradi na uanze tawi safi juu yake:

`git branch akiba main`
`git remote add upstream` na anwani ya mradi mama
`git fetch upstream`
`git switch -c siku-ya-duka upstream/main`

Sasa ile mistari 11. Kuna njia ya kifundi, `git restore -p --source=main` ukitaja na faili: Git inakuonyesha tofauti kipande kwa kipande, unajibu `y` au `n`. Lakini kwa ulivyoeleza, kihariri kimegusa hadi mistari jirani, vipande vitakuja vimeshikana na utahangaika na `e` kuhariri kwa mkono. Mimi ningefungua faili nikaandika upya mistari 11. Dakika tano. Watu wana ugonjwa wa kutafuta amri ya kila kitu.

Ukimaliza angalia `git diff` kabla ya kitu chochote. Ukiona mstari ambao huwezi kuueleza, utoe. Kisha `git commit -s` (hiyo `-s` ndiyo inayoandika `Signed-off-by`), halafu:

`git push --force-with-lease origin siku-ya-duka:main`

Maana yake tawi lako jipya linakaa mahali pa `main` ya nakala yako kule mtandaoni, na ombi lile lile linaonyesha mistari 11. Usitumie `--force` tupu. Hii yenye `lease` inakataa kama kuna kitu kimeingia kule ambacho mashine yako haijakiona, na wasimamizi wengine huwa wanasukuma masahihisho kwenye tawi la mchangiaji.

Mgongano utakuwa umeisha wenyewe, maana umeanzia kwenye hali ya leo. Wakisonga tena kabla hawajapokea, fanya `git fetch upstream` kisha `git rebase upstream/main`, inayopanga komiti zako upya juu ya hali yao mpya. Hapo ujihadhari: kwenye rebase, "ours" ni ya kwao na "theirs" ni yako. Wengi wamechagua kinyume wakafuta kazi yao. Ukichanganyikiwa, `git rebase --abort`, unarudi ulipokuwa.

Maelezo ya komiti, mstari wa kwanza mfupi: "ripoti: hesabu siku ya mauzo kwa saa za duka". Acha mstari mtupu. Chini yake eleza kisa, siyo ulichobadilisha, maana hicho wanakiona. Andika kwamba duka lililo UTC+3 likiuza saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumanne, ripoti inaandika Jumatatu, kwa sababu muda huo ni 22:30 Jumatatu kwa UTC. Mtu wa Ulaya au Marekani ataelewa hapohapo bila kujua Temeke iko wapi. Mfano huohuo ndio jaribio lako: weka saa bandia ya 22:30 UTC, taja eneo `Africa/Dar_es_Salaam`, dai kwamba jibu ni Jumanne. Liendeshe kwanza kwenye msimbo wa zamani ulione likianguka. Jaribio ambalo hujaliona likianguka huwezi kujua linalinda nini.

Na usiandike `+3` popote kwa mkono. Sisi hatubadilishi saa kwa msimu, wenzetu wanabadilisha.

Neema_wa_Seva

Naongezea kwenye `Signed-off-by`, maana watu wanaibandika kama muhuri bila kusoma. Linux waliiweka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishitaki IBM mwaka 2003 ikidai msimbo wake umeingizwa ndani ya Linux. Ule mstari unasema wewe una haki ya kutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Sasa BintiMbagala umesema bosi ndiye aliyelipa. Basi mwombe ruhusa kwanza, hata kwa ujumbe wa simu, uuhifadhi. Angalia pia `git config user.email`, maana anwani utakayoweka itabaki kwenye historia ya mradi na kila mtu ataisoma.

Kuhusu bosi: mwambie ukweli kwamba halazimiki. Hata kama leseni ni GPL (ile inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake), kuitumia programu uliyoibadilisha ndani ya duka lako hakukulazimishi kumpa mtu yeyote msimbo. Wajibu unaanza unapoisambaza programu. Ila mwulize nani atakibandika hicho kiraka kila toleo jipya likitoka. Utakuwa wewe, kwa bili yake. Tena `utcnow` imetangazwa kuwa ya kuachwa tangu Python 3.12 ya mwaka 2023, kwa hiyo wenye mradi wataigusa mistari hiyohiyo siku si nyingi, na kiraka chako kitagongana nao. Kikiingia kwao, anapata matengenezo bure. Wafanyabiashara wanaielewa hiyo haraka kuliko hotuba za uhuru wa programu.

Kijana_wa_Bando

Samahani nachomekea. Mimi hata kushusha hazina ya mradi nashindwa. `git clone` inafika katikati, mtandao unakata, inaanza moja. Bando linaisha.

Fundi_Kijitonyama

Ndivyo ilivyo, clone haiendelei ilipokatikia. Jaribu `git clone --filter=blob:none`. Inaleta historia ya komiti bila maudhui ya faili zote za zamani, ukiyahitaji inayavuta. Wengi watakuambia `--depth 1`, ni nyepesi zaidi, ila unabaki bila historia, `git log` na `git blame` hazikusaidii kitu, na kwa mtu anayetaka kujua kwa nini mstari fulani uko hapo hiyo ni hasara. Ukishindwa kabisa, mwombe mwenye mtandao mzuri akutengenezee faili kwa `git bundle create mradi.bundle --all`. Faili la kawaida hilo, unalishusha kwa `wget -c` na linaendelea lilipoishia, au anakuletea kwenye flashi. Kisha `git clone mradi.bundle`.

BintiMbagala

Wakuu, shukrani sana. Bosi amekubali baada ya kusikia neno bili, ujumbe wake ninao. Nimeandika kwa mkono kama Fundi alivyosema, nimesukuma, ombi sasa linaonyesha mistari 11 na faili la jaribio. Msimamizi ameweka kidole gumba.

Lakini majaribio ya kwao yamepita Linux na Mac, Windows imeanguka: `ZoneInfoNotFoundError`. Kwangu sikuiona, mashine ya dukani ni Linux. Eneo limeandikwa sawasawa, nimelikagua herufi kwa herufi.

Neema_wa_Seva

Herufi hazina kosa. `zoneinfo` ya Python inasoma orodha ya maeneo kutoka kwenye mfumo wa mashine, na Windows haina orodha hiyo kwa muundo huo. Ongeza kifurushi cha `tzdata` kwenye mahitaji ya mradi, kwa Windows peke yake:

`tzdata; sys_platform == "win32"`

Weka kwenye komiti yake yenyewe, kabla ya ile ya marekebisho, ili kila komiti ikijaribiwa peke yake ipite. Kwa kuwa ile nyingine umeshaiandika, tengeneza hii sasa, kisha `git rebase -i upstream/main` uzibadilishe nafasi.

BintiMbagala

Nimezibadilisha, Windows imepita. Ameomba sasa nitaje hiyo mipangilio mipya kwenye mwongozo wa watumiaji. Hilo nalo ni komiti ya tatu au naliweka ndani ya marekebisho?

Fundi_Kijitonyama

Ndani ya marekebisho. Mwongozo unaelezea kitu kilekile, akikitoa kimoja avitoe vyote. Fanya badiliko, `git add`, kisha `git commit --amend`, usukume kwa `--force-with-lease` kama mwanzo. Usisahau tawi la kule bado ni `main`.