Ile keki ya stroberi ya matabaka isiyoingia oveni, yangu iligeuka uji, naomba msaada kabla ya Jumapili

MamaTatu_Kasarani, Jumatano usiku

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie na hii kitu kwa sababu imenikosesha usingizi. Jumapili tunaenda Kitengela kwa shemeji, familia yote inakutana, tutakuwa watu kama 15 hivi pamoja na watoto, na mimi ndio nimepewa dizati. Na hili jua la Februari mnaliona vile liko, saa nne asubuhi mabati tayari yanalia, kwa hivyo sitaki kuwasha oveni. Nataka kitu baridi, ile ya kupanga biskuti, krimu, stroberi, tena biskuti, krimu, stroberi, mpaka juu, kisha inalala kwa friji.

Wikendi iliyopita nikafanya ya majaribio. Nilinunua stroberi kwa vijana wa barabarani, pakti nne, nikatoa vichwa, nikaziosha na kuziacha kwa maji kidogo zitoke vumbi, nikakata, nikamwagia sukari. Krimu nayo nikaipiga na mashine ya mkono dakika kama 20, haikusimama, ilibaki laini tu kama mala, lakini nikasema itajishika yenyewe kwa friji. Asubuhi nilipochota kijiko cha kwanza, chini kulikuwa na maji ya pinki ya kujaza kikombe cha chai, biskuti zimekuwa uji, stroberi zote zimeteleza upande mmoja. Watoto waliimaliza kwa vikombe, hawakulalamika, lakini hiyo siwezi peleka mbele ya mama mkwe.

Na kuna shosho wa mume wangu, yaani nyanya yake, ako na miaka 86, meno yameisha, nyama choma inapita hapo mbele yake anaangalia tu. Nataka hii iwe kitu yake. Nitumie krimu gani, maji ya stroberi niyafanyeje, na nitaibebaje mpaka Kitengela na gari letu halina kiyoyozi?

KekiZaEmbakasi

Mama Tatu pole sana, lakini usiache hilo wazo, hiyo kitu inaokoka. Shida ya kwanza iko kwa krimu. Nenda uangalie ile pakti ulinunua, vile umeeleza hiyo ni ya kupikia. Ya kupikia ni ya kuweka kwa kuku na supu, mafuta yake ni kidogo, hata ungepiga mpaka Ijumaa haisimami. Geuza pakti usome kile kijedwali cha nyuma, tafuta mafuta, kwa kila gramu 100 yawe 30 na kupanda juu, 35 ndio nzuri kabisa. Krimu inasimama kwa sababu yale mafuta yakiwa baridi yanashikana kuzunguka hewa unayoingiza, sasa yakiwa kidogo hakuna cha kushika, na yakipata joto yanalainika yanaachilia hewa yote. Kwa hivyo mwezi huu baridi ni lazima. Yangu inalala kwa friji usiku mzima, sio saa moja, na bakuli la chuma pamoja na zile waya za mashine zinaingia friza nusu saa. Halafu napiga bakuli likiwa limekalia sufuria kubwa ya maji na barafu.

Anza polepole. Ikianza kuacha michirizi weka sukari ya aisingi, vijiko vikubwa sita kwa lita moja, na vanila. Kuanzia hapo usishike simu, usifungue mlango, kwa sababu kutoka krimu laini mpaka krimu imesimama ni muda mfupi sana, na ukipitisha inaanza kuwa na chembechembe, ukiendelea tena inakuwa siagi, mafuta huku maji huku. Inua waya juu, ile ncha ikisimama na kukunja shingo kidogo tu, zima mashine. Nilipoteza lita mbili za oda ya arusi hivyo hivyo kwa kwenda kuitikia hodi, na nilinunua zingine na pesa yangu, kwa hivyo nakwambia kitu nakijua.

MkulimaTigoni

Wacha niseme upande wa stroberi kwa sababu mimi nazipanda huku Tigoni, Limuru, na inaniuma vile zinaharibiwa zikishatoka kwetu. Stroberi ikishachumwa haiivi tena. Sio ndizi ama ovakado ati utafunga kwa gazeti ingojee. Ile yenye mabega meupe itabaki hivyo hivyo mpaka ioze. Chukua nyekundu mpaka shingoni, majani yake ya juu yawe kijani, na ukileta karibu na pua unukie kabla hujaonja. Kisha geuza kipakti uangalie chini, ukiona madoa ya pinki yameloa, rudisha, za chini zimepondeka. Hawa vijana wa barabarani siwalaumu, wanatafuta kama sisi, adui ni jua. Huku Limuru tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, usiku ni baridi, tunda linatoka shambani likiwa gumu, ukiliweka hapo juani kando ya lami toka asubuhi mpaka saa tisa limeisha nguvu. Enda soko la City Park Jumamosi asubuhi na mapema, uchague za kivulini.

Sasa kuosha. Usitoe kichwa kwanza mama. Osha ikiwa na ile kofia yake ya majani, maji yanayotiririka, haraka, usiloweke kabisa, tandaza kwa kitambaa zikauke vizuri ndio ukate. Ukitoa kichwa kwanza umefungulia maji mlango, sehemu ya kile kikombe cha pinki ilitoka kwa mfereji wako.

Ile ingine ilitoka kwa sukari. Sukari inavuta maji kutoka ndani ya tunda na hiyo huwezi zuia, kwa hivyo wacha ivute mapema, mbele ya macho yako, sio usiku kwa friji. Jumamosi mchana kata kilo moja, nyunyiza vijiko vikubwa vitatu vya sukari na maji ya nusu ndimu, koroga, acha dakika 40. Mimina kwa chujio juu ya sufuria ndogo uache ijichuje yenyewe, usikamue. Utapata maji mekundu mazuri sana. Hayo weka kwa moto mdogo yachemke mpaka yabaki nusu, yawe kama asali nyepesi, kisha yapoe kabisa. Hayo unapaka biskuti na brashi ama nyuma ya kijiko, na zile stroberi zilizochujwa ndio zinaingia kati ya krimu. Maji kidogo yatakayobaki, biskuti zitakunywa, na unataka zinywe.

BintiLamu_Nairobi

Salaam aleikum nyote. Dadangu, hao wawili wamekwambia kweli tupu, mie naongeza mawili.

La kwanza, ukitaka itulie kwenye hilo joto, tabaka la chini kabisa lifanye la faluda, ile yetu ya Ramadhani, ya chaina grasi. Watu wengi watakwambia weka jeli ya jelatini. Jelatini ni nzuri lakini inayeyuka kwenye joto kama la mwili wa mtu, sasa ndani ya gari hilo bila kiyoyozi itakuwaje? Tena hutengenezwa na ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe, na kama shereheni kuna wageni Waislamu itabidi uulize ni ya nini. Chaina grasi yatokana na mwani, yajigandia yenyewe hata nje ya friji, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie kuchemka. Chemsha maziwa nusu lita na sukari kiasi na vijiko vidogo viwili vya unga wake, koroga bila kuacha, ikishatokota iache dakika mbili tatu iyeyuke kabisa, utie iliki, umimine kwenye bakuli la glasi. Ikishakuwa imara na baridi, ndipo upange mengine juu yake. Iliki na stroberi zapendana, jaribu tu.

La pili ni safari. Keki imalizike Jumamosi jioni, ilale friji usiku kucha, kwani biskuti zahitaji saa nane hivi zilainike. Asubuhi kabla ya kuondoka itie friza kwa muda wa saa moja na nusu, isigande, ishike baridi ya ndani tu. Ifunike kwa foili, itie kwenye kisanduku cha barafu, na pembeni uweke chupa za maji zilizogandishwa, si barafu tupu, maana ikiyeyuka italiogesha bakuli. Kisanduku kikae chini miguuni, kisikae buti ambako jua limepiga. Mkifika iende friji moja kwa moja, vitu vya krimu visikae nje zaidi ya saa mbili.

Kwa bibi wala usiwe na wasiwasi. Ikilala usiku mzima biskuti hukatika kwa ulimi.

KekiZaEmbakasi

Hiyo ya faluda nimeipenda lakini mimi kwa watu 15 ningeiacha, tabaka zikizidi ladha ya stroberi inazama. Tumia biskuti za Marie, pakti tatu, sinia ya kama sentimita 23 kwa 33, kilo ya stroberi, lita ya krimu, tabaka tatu tatu basi. Ila kubeba nakubali kila neno. Na hii sio kitu ngeni, huko Marekani wanaiita icebox cake, ilipata jina kwa yale makabati ya barafu watu walikuwa nayo kabla ya friji, biskuti na krimu ndio msingi.

JikoDogo_Githurai

Samahani kuingilia, mimi sina friji, na krimu bei yake siiwezi. Nimekuwa nikisoma hapa nikimeza mate. Kuna vile naweza pata kitu inafanana, na nanasi ama embe?

BintiLamu_Nairobi

Yapo ndugu yangu. Nunua mala ama yogati isiyo na sukari, ile nzito, lita mbili, uimimine kwenye kipande cha leso safi iliyochemshwa, funga uning'inize juu ya sufuria kwa saa nne tano mahali penye baridi. Maji yatatiririka chini, kitakachobaki ndani ya leso ni kizito kama jibini laini. Kipige na maziwa mazito ya kopo moja na maji ya ndimu mbili, uonje. Ndimu hufanya yale maziwa yakaze, yajishika bila friji. Panga na biskuti kwenye vikombe, mle siku ile ile, msilaze. Embe sasa ni msimu wake, tumia embe.

KekiZaEmbakasi

Na nanasi kama ni lazima, lipike kwanza dakika kumi. Nanasi bichi liko na kitu inakula protini, ukilichanganya na maziwa linakuwa chungu baada ya muda, na ukiweka jelatini haigandi milele. Papai bichi pia ni hivyo. Stroberi na embe hazina hiyo shida.

JikoDogo_Githurai

Asanteni sana, leso niko nayo, embe nitachukua kwa mama mboga. Nitafanya Ijumaa watoto wakitoka shule.

MamaTatu_Kasarani, Jumapili usiku

Nimerudi wapendwa na nimechoka lakini lazima niandike kabla nilale.

Ile pakti kweli ilikuwa ya kupikia, mafuta gramu 20. Nilipata ya 35, ikasimama kwa muda mfupi sana mpaka nikashtuka. City Park nilifika saa moja kasoro, yule mama alinifungulia kipakti chenyewe ili ninukie. Stroberi zilipochujwa nilipata karibu kikombe kizima cha maji, na nilikaa hapo nikikiangalia kwa sababu ni kile kile nilikunywa nayo uchungu wiki iliyopita. Nikayachemsha, nikapaka. Faluda nilifanya, Keki nisamehe, lakini nyembamba tu kama unene wa kidole, na iliki.

Mlolongo kulikuwa na jamu ya magari, tulikaa karibu saa nzima jua likiwa juu ya paa. Nilikuwa na hicho kisanduku katikati ya miguu, chupa mbili zikayeyuka nusu. Tulipofungua, kona moja ilikuwa imelegea na krimu imeshuka kidogo, zile zingine tatu zimesimama wima. Kisu kilipopita niliona laini zote, nyeupe ya chini, kahawia ya biskuti, nyeupe, nyekundu, na sahani haikuwa na maji.

Shosho alishika bakuli chini ya kidevu na mkono wote, akala bila kuongea na mtu, akamaliza, akasukuma bakuli kwangu. Nikamwekea tena. Ya pili akala polepole, akiitoa stroberi moja moja na kijiko anaiangalia. Alipomaliza akamuuliza mama mkwe kwa Kikuyu ni nani ametengeneza, na mama mkwe akataja jina langu, sio mama ya nani, jina langu.

Imebaki kipande kwa sinia, nimemwachia shosho. Anauliza ataiweka mpaka lini na kama anaweza igandisha.

KekiZaEmbakasi

Mwambie asigandishe, stroberi ikiyeyuka inatoa maji yote na mnarudi kwa ule uji. Friji, ifunikwe, iishe kesho, Jumanne ndio mwisho kabisa.