Mgeni anayejitolea anaondoka, sabuni ya mwani itaendeleaje?

KatibuMicheweni:
Assalaam alaykum. Kikundi cha kina mama hapa Micheweni, Pemba, kinatengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi. Kijana wa Kijerumani anayejitolea nasi amebakiwa na wiki sita. Yeye ndiye anayepima kostiki (magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni), kuzungumza na hoteli na kupokea pesa kwenye simu. Anataka amalizie kwa kutengeneza sabuni nyingi tubaki na akiba. Ndivyo, au kuna la maana zaidi?

FundiSabuni:
Waalaykum salaam. Akiba itauzwa iishe, halafu? Mwambie mizani aiweke chini wiki hii hii. Sabuni ya nazi inataka wiki 4 hadi 6 kukomaa, kwa hiyo ya leo huenda ndiyo ya mwisho atakayoiona imekomaa sawasawa. Wafanye kina mama peke yao, toka kupima hadi kukata, yeye akae pembeni. Ikiharibika, bado yupo wa kuulizwa.

Mafuta ya nazi kilo 1, kostiki gramu 170, maji gramu 350, na maji nayo yapimwe kwa mizani. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, abadan si maji kwenye kostiki, yatachemka yakurukie usoni. Vaeni glavu na miwani. Sufuria za alumini marufuku, kostiki inazila. Ndoo ya plastiki ngumu inatosha.

Mafuta ya karafuu gramu 5, mwisho kabisa, uji wa sabuni ukishaanza kuwa mzito. Ukiyatia mapema sabuni inaganda ndooni kabla hujaimimina. Mwani uoshwe chumvi kabla ya kusagwa, la sivyo povu linakuwa haba. Na kateni siku ile ile. Sabuni ya nazi tupu ikilala inakuwa ngumu, kisu kikipita inameguka.

BintiMwani_Paje:
Mizani yenyewe ya nani? Kama ni yake, nunueni yenu sasa, mpime kitu kimoja kwenye zote mbili mlinganishe. Watu wakikosa mizani hurudi kwenye kikombe, na kikombe cha kostiki ya vipande si sawa na cha chembechembe. Ndoo ya kostiki ifunikwe ikabana. Wakati wa masika inavuta unyevu na kupoteza nguvu, kipimo kile kile kinatoa sabuni laini ya mafuta mafuta.

Mafunzo yapangwe siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, kina mama wako baharini kwenye mwani, atawafundisha paka.

KatibuMicheweni:
Ahsanteni sana. Na laini ya simu? Imesajiliwa kwa pasipoti yake.

MshikaFedha:
Hilo ndilo la haraka kuliko sabuni. Msikubali kuachiwa laini na namba ya siri. Ikipotea au ikifungwa, wa kuirudisha ni yeye tu, naye yuko kwao. Sajilini mpya kwa jina la mshika fedha wenu, salio lihamishwe mbele ya watu wawili watatu, liandikwe daftarini. Ile ya zamani iachwe wazi mpaka siku ya safari, wateja wazoee mpya.

Hotelini mgeni wenu aende na Bi Mwenyekiti. Yeye asalimie, bei aseme Bi. Kikao cha tathmini msikiunganishe na cha kuaga, maana siku ya biriani hakuna atakayetaja kasoro. Na kama anasaini benki, muhtasari wa kikao cha kumtoa uandikwe na kupelekwa akiwa bado yupo, sahihi yake huenda ikatakiwa.