Riwaya moja kwa darasa zima au vitabu tofauti kwa vikundi? Natakiwa nitoe oda Ijumaa

ChakiNaUbao
Walimu wenzangu habari za kazi. Naombeni mnisaidie maana Ijumaa natakiwa nipeleke oda ya vitabu na mpaka sasa sijaamua. Shule imekubali kununua nakala 40 za fasihi ya vijana, ni mara ya kwanza, miaka yote tumesomesha vitabu vilevile walivyosoma wazazi wao. Sasa niko njia panda. A: nakala 40 za riwaya moja tuisome wote pamoja. B: riwaya 5 tofauti, nakala nane nane, wanafunzi wachague wenyewe halafu wakae kwa vikundi kulingana na kitabu. Mwenzangu wa idara anataka A, mimi moyo unavutwa na B ila naogopa darasa litanishinda. Aliyejaribu zote mbili anieleze ukweli.

Mwl_Msafiri
Mwalimu hujasema wanafunzi wana umri gani. Vitabu vya vijana vinaanzia kama miaka 12 mpaka 18, na mtoto wa 12 na kijana wa 17 ni watu wawili tofauti kabisa. Vipindi vingapi kwa wiki? Wanaruhusiwa kwenda na vitabu nyumbani? Na mwisho wa mwaka kuna mtihani unaouliza kitabu chenyewe? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

KalamuNyekundu
A. Nimefundisha kwa njia hiyo miaka mingi na sitaiacha. Darasa zima likiwa kwenye kitabu kimoja kuna kitu kinatokea, mnafika pale mhusika anapomgeuka rafiki yake na unasikia watu wote wanaguna kwa pamoja, kesho yake bado wanabishana mlangoni kama alikuwa na haki au la. Hilo hulipati kwa vikundi. Halafu kuna suala la mwalimu mwenyewe, vitabu 5 kichwani kwa wakati mmoja ni kazi kubwa, kikundi kimoja kinakuuliza kitu cha sura ya tisa na wewe uko kwenye kitabu kingine. Unaishia kuzungukazunguka darasani bila kufundisha.

BintiMaktaba
Mimi niko B na nitaitetea. Louise Rosenblatt, mtaalamu wa Marekani wa ufundishaji wa fasihi, aliandika tangu 1938 kwamba maana ya kitabu inazaliwa pale msomaji na maandishi yanapokutana, kwa hiyo wasomaji 40 wana maisha 40 ya kuleta kwenye ule ukurasa. Na Rudine Sims Bishop, mtafiti wa fasihi ya watoto, mwaka 1990 akatupa ule mfano wa kioo na dirisha, kwamba mtoto anahitaji kitabu cha kujiona mwenyewe na kingine cha kuona maisha ya wenzake. Sasa niambieni, riwaya moja itakuwa kioo cha watoto 40 vipi?? Mimi nawaona maktaba, kijana anayesemwa darasani kwamba hapendi kusoma anashika kitabu alichochagua mwenyewe anakaa sakafuni kati ya rafu mbili mpaka kengele inalia hajasikia.

ChakiNaUbao
Samahani nimechelewa kujibu. Wana miaka 14 na 15. Vipindi vitatu kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Nyumbani wanaruhusiwa kwenda navyo ila waviandikishe.

Mwl_Msafiri
Sawa. Na mtihani?

MamaVitabu
Nimesoma hapa nikaona nisinyamaze. Mimi nilikuwa mtu wa A kabisa. Mwaka mmoja nikachagua riwaya nzuri mno ya vijana, mama wa mhusika mkuu anakufa katikati ya kitabu, nami niliipenda sana kwa sababu imeandikwa bila kulialia. Tulikuwa tunasoma kwa sauti kwa zamu, kila mtu aya mbili, kwa kufuata mstari wa madawati. Zamu ikamfikia binti mmoja mkimya hivi, akaanza vizuri, akafika sentensi ya hospitali akasimama. Mimi nikadhani neno limemshinda, nikamtajia lile neno nikamwambia endelea. Akaendelea. Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa, aya zake mbili zilikuwa zimepita zamani na mimi sikumzuia, kidole chake kiko chini ya mstari kinasogea polepole, sauti ileile haipandi haishuki. Alipomaliza akakifunika kitabu juu ya dawati. Baada ya kipindi rafiki yake ndiye alikuja kuniambia mama yake alikuwa amefariki likizo, hakuna mtu shuleni aliyenieleza na mimi sikuwahi kuuliza. Nilimwendea nikamwomba msamaha, akasema hakuna shida mwalimu. Lakini muhula mzima daftari lake la fasihi halikuandikwa tena zaidi ya tarehe. Tangu siku hiyo sijawahi kumsomesha mtoto kitabu cha namna hiyo kwa lazima. Nawaeleza mapema humu ndani kuna nini, na lazima kuwe na kitabu cha pili cha kukimbilia.

KalamuNyekundu
Pole sana mwalimu, hilo lingemuumiza yeyote. Lakini naomba niseme kwa heshima, kilichomuumiza ni ule usomaji wa zamu, mtoto anatolewa mbele za watu bila kujua ukurasa wake una nini. Hiyo mbinu nimeiacha hata kwa vitabu vya kawaida, maana wengi wanahesabu tu aya yao ni ipi, hawasikilizi za wenzao. Soma mwenyewe kwa sauti, wao wafuate kwa macho. Riwaya moja inabaki palepale.

BintiMaktaba
Na upande wa pili upo. Nina msomaji aliyefiwa aliyekuja kuniomba KILE kitabu chenye msiba, vingine vyote aliona vinamdanganya. Ndiyo maana nasema wachague.

Msomaji_Mkongwe
Mimi nauliza swali la msingi zaidi. Kwa nini tununue hivi vitabu kabisa? Lugha nyepesi, sura fupifupi, kila kitu ni hisia za kijana. Tukishusha kiwango leo kesho watakutana na fasihi nzito wataikimbia.

Mwl_Msafiri
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo sikubaliani. Juliet wa Shakespeare hajatimiza hata miaka 14 na hakuna anayesema ile tamthilia ni nyepesi. Mwandishi Mmarekani S.E. Hinton alianza kuandika riwaya yake The Outsiders akiwa na miaka 15, ikachapishwa 1967 akiwa na 18, na bado inafundishwa. Na wepesi wa lugha siyo wepesi wa muundo. Tuzo ya Printz, ile ya Marekani ya vitabu vya vijana, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 ilienda kwa Monster ya Walter Dean Myers, kijana yuko kizuizini anasubiri hukumu na anaandika kesi yake mwenyewe kama muswada wa filamu, katikati kuna kurasa za shajara. Msomaji anabaki na swali, je huyu ananiambia ukweli wote? Msimulizi asiyeaminika, mtazamo, muundo, vyote unavifundisha hapo. Na kwa kuwa ni muswada unagawa wahusika, wanaisoma kwa sauti wakijiandaa, inajibu hata tatizo la zamu.

Msomaji_Mkongwe
Marahaba. Hicho sijakisoma, nitakitafuta. Ila hizi riwaya za picha, zinazosimuliwa kwa michoro, msiniambie nazo ni fasihi.

BintiMaktaba
Ni fasihi! Ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku msomaji anaijaza mwenyewe, huo ni ufasiri.

MamaVitabu
Tusimwache mwenye mada. @ChakiNaUbao ukienda B usitegemee sana zile karatasi za kumpangia kila mwanakikundi kazi yake, wewe muulizaji wewe mchoraji wewe mtafuta maneno. Harvey Daniels, mwalimu wa Marekani aliyeeneza hivyo vikundi vya kusoma kwa kitabu chake cha 1994 mwenyewe alirudi kwenye toleo la 2002 akaonya kwamba karatasi zinageuza mazungumzo kuwa ya mashine. Mimi nawaambia waje na swali moja tu ambalo kweli hawajui jibu lake.

ChakiNaUbao
Asanteni sana wote. Nawaza tuchanganye, nakala 20 za kitabu kimoja wasome wawili wawili kama mwezi hivi, halafu vitabu 4 nakala tano tano. Ila mwenzangu ameshaona, anasema wawili kwa kitabu kimoja hakuna atakayekwenda nacho nyumbani.

KalamuNyekundu
Mwenzako yuko sahihi. Na mmoja anasoma haraka mwingine polepole, watagombania kufunua ukurasa.

BintiMaktaba
Wapeane siku, mmoja leo mwingine kesho. Kwani wewe mwenyewe umeshavisoma vyote vitano mwalimu?

ChakiNaUbao
Vitatu. Cha nne niko ukurasa wa 60.

Mwl_Msafiri
Mtihani bado hujajibu.