Mjadala: Kompyuta za XP shuleni zitupwe kwa kuwa zinachelewa kufunga akaunti?

Fundi wa Makoroboi (mleta mada):
Wana Mwanza, mwangaluka. Kuna sekondari moja huku Ilemela, jina naliacha, imewaita wazazi na kutaka kila mtoto achange elfu thelathini za kompyuta mpya. Sababu waliyopewa ni kwamba zile kumi na mbili zenye Windows XP, mfumo wa zamani wa Microsoft, "zimechoka". Mwanafunzi akifunga akaunti yake ili atoke (log off), skrini inaganda kwenye maneno ya kuhifadhi mipangilio, dakika nzima na ushee. Kipindi chenyewe dakika 40. Kengele ikilia, watoto wanachomoa waya ukutani.

Jumamosi nilipita pale kwa kazi nyingine. Nikaandika eventvwr kwenye Run, nikafungua daftari la matukio, nikakuta namba 1517, yaani onyo kwamba mtumiaji alitoka huku programu bado imeshikilia mipangilio yake, zimejaa kama dagaa walioanikwa Kirumba. Kila mtumiaji ana faili lake la NTUSER.DAT linalobeba mipangilio yake. Anapotoka, Windows inataka kulifunga. Kama kuna programu bado imeling'ang'ania, Windows inajaribu tena na tena, kwa kawaida mara 60, kila sekunde mara moja. Dakika yenu ndiyo hiyo. Ongeza RAM (kumbukumbu ya mashine) utakavyo, haiguswi.

Pale mng'ang'aniaji alikuwa programu ya printa iliyokufa zamani, printa yenyewe siku hizi inawekewa chaki juu. Nikaiondoa. Kwenye mashine zilizobaki na ubishi nikaweka UPHClean, kijiprogramu cha Microsoft wenyewe kwa tatizo hilihili. Akaunti ikafungwa kabla sijavuta kiti. Sasa naomba tubishane: huo mchango umeombwa kwa sababu ya kweli?

Mzazi wa Buzuruga:
Kikaoni nilikuwepo. Tuliambiwa "zimezeeka", basi, tukapiga makofi. Nina watoto wawili pale, yaani elfu sitini. Fundi, kazi yako uliwatoza ngapi?

Fundi wa Makoroboi:
Soda na nauli ya daladala.

Kijana wa Nyegezi:
Broo, kwenye hiyo dakika nakubali, kwenye hitimisho nakataa. XP ilitoka 2001, na Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Kirusi cha WannaCry kilipopita Mei 2017 hali ilikuwa mbaya mpaka wakatoa kiraka (marekebisho ya usalama) cha dharura hata cha XP waliyokwishaizika. Watoto wanaingiza flashi za stendi, za vibanda vya kupakua miziki, za kila mahali. Umeharakisha mlango wa nyumba isiyo na komeo. Mimi nasema zibadilishwe, hata kama sababu waliyotoa ni ya uongo.

Fundi wa Makoroboi:
Hapo umenipata kidogo. Lakini hizo hazina intaneti, ni kuchapa na kufundishia hesabu za jedwali tu. Ningezikuta mtandaoni ningezichomoa kwa mkono wangu. Na wazazi wangeambiwa "usalama", wasingedanganywa "uzee". Hayo ni mazungumzo mengine na bei nyingine.

Mama Stationery, Igoma:
Mimi dukani nilishaikwepa hiyo shida, wateja wote wanatumia akaunti moja, haifungwi mpaka usiku. Tatizo ni kwamba juzi mteja kakuta barua ya kuomba kazi ya jirani yake, na mshahara anaoutaka. Mtaa mzima unajua.

Kijana wa Nyegezi:
Hahaha, mama, hiyo si dawa, ni ugonjwa mwingine.

Mwalimu (mlezi wa chumba cha kompyuta):
Mnaongea kirahisi. Wiki iliyopita binti wa kidato cha pili kafungua akaunti, kakuta skrini tupu, picha ya Windows ya mwanzo kabisa, kazi ya muhula mzima haipo. Akalia darasani. Ukiwa na watoto arobaini na watano kwenye mashine kumi na mbili, nani ana muda wa kusoma namba 1517? Ndiyo maana niliunga mkono zinunuliwe mpya.

Fundi wa Makoroboi:
Pole mwalimu. Huyo alichomolewa waya NTUSER.DAT likiwa bado linaandikwa, likaharibika, Windows ikampa akaunti ya muda. Kazi yake haijaenda popote. Ingia kama msimamizi, fungua diski C, Documents and Settings, tafuta folda yenye jina lake. Nakili nyaraka zake tu kwenye akaunti mpya, usilibebe lile faili bovu.

Mzazi wa Buzuruga:
Mwalimu, kabla hatujatoa hela, jaribuni hilo.

Mwalimu:
Nimerudi. Folda ipo, insha zake zote zipo, mpaka ratiba aliyoichora kwa rangi. Namwita asubuhi. Ila hizo elfu thelathini si mimi niliyezipanga, muulizeni mwenyekiti wa kamati.

Mzazi wa Buzuruga:
Tutamuuliza. Fundi, Jumamosi ijayo una nafasi ya kuja kikaoni na hilo daftari lako la matukio?